Chama Kimoja Bado Kiko Kiwandani

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanaharakati na waumini mtaani Mowlem, Nairobi, katika mkesha wa Sikukuu ya Wafanyakazi



Tunajua kwamba wengi wenu mmefika hapa moja kwa moja kutoka kazini, na kwamba wengine mtaondoka kabla hatujamaliza kwa sababu zamu ya usiku haimngoji mtu. Kwa hivyo hatutayazungusha maneno.

Kila siku ya kazi, kabla ya jua kuchomoza, mtaa huu wa Mowlem humwagika barabarani. Wako wanaoshika njia ya Outer Ring kwa miguu hadi Eneo la Viwanda, kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi ingewalia chakula cha watoto. Wako wanaokwenda kwenye karakana za Kariobangi na viwanda vya Baba Dogo. Wako waliovaa sare za bawabu, ambao wamelinda mali ya wenyewe usiku kucha na sasa wanarudi kulala saa tatu au nne. Wako akina mama wanaokwenda kufua nguo Buruburu na Donholm. Wako pia vijana wenye shahada za chuo kikuu, wanaokwenda kukaa mbele ya kompyuta au kusubiri simu iwaagize mzigo wa kupeleka. Kazi zao ni mbali mbali na mishahara yao hailingani. Lakini jambo moja linawaunganisha. Wanapovuka lango la mwajiri, ule uraia wao hubaki nje ukiwangoja hadi jioni.

Jambo hilo ndilo lililotukusanya leo.

Tukumbuke tulikotoka. Kifungu cha 2A, kilichoingizwa katika Katiba mwaka 1982, kiliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1988 tulipangwa mlolongo nyuma ya wagombea kama watoto wa shule, na mlolongo mfupi ukatangazwa mrefu. Julai 7, 1990, siku ya Saba Saba, wananchi walijaribu kukusanyika Kamukunji, hapa hapa Mashariki mwa jiji, wakapokelewa kwa virungu na risasi. Kenneth Matiba na Charles Rubia, walioupigania mkutano huo, walikuwa wamekwisha kutiwa kizuizini siku 3 kabla. Desemba 1991 kifungu hicho kikafutwa, na Desemba 29, 1992 tukapiga kura tukiwa na vyama vingi mbele yetu. Kazi ile haikuwa rahisi. Wako waliopoteza maisha, wako waliopoteza afya, na wako wahubiri walioitwa wachochezi kwa kusema mimbarani yale ambayo waumini wao walikuwa wakiyanong'ona jikoni.

Sasa tuulizane kwa uaminifu. Utawala wa chama kimoja ulikuwa na alama gani? Alama zake zilikuwa nne. Sauti ilikuwa moja, na aliyeuliza swali aliitwa adui. Wawakilishi walichaguliwa na wakubwa wakaambiwa wananchi wawapigie makofi. Mtu aliadhibiwa bila ya kusikilizwa. Na juu ya hayo yote, mwenye kuumia alitakiwa aimbe nyimbo za shukrani.

Tazameni basi mahali pa kazi. Anayeuliza juu ya saa za ziada huambiwa kwamba wako watu mia langoni wanaoitaka nafasi yake. Mwakilishi wa wafanyakazi, akiwapo, mara nyingi ni mtu wa meneja. Kufutwa hufanywa kwa neno moja la nyapara. Na siku ya sherehe ya mwisho wa mwaka wafanyakazi huvalishwa fulana zenye nembo ya kampuni na kuambiwa: sisi hapa ni familia. Ndugu zetu, chama kimoja kiliondoka Bungeni, lakini kiwandani bado kipo. Kifungu cha 2A kilifutwa katika vitabu vya sheria, na waajiri wengi wakakihifadhi katika droo zao.

Wala si kwamba mfanyakazi alikuwa mgeni katika mapambano ya uhuru. Ukumbi wa Kaloleni haupo mbali na hapa. Humo, Aprili 23, 1950, Makhan Singh alisimama akataka uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wakati ambapo wengi waliogopa hata kulitamka neno hilo. Hakuwa mwanasiasa wa suti. Alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa Mei 1, 1949, Fred Kubai akiwa rais wake. Mei 15, 1950 wote wawili walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa zaidi ya wiki moja. Makhan Singh alikaa kizuizini hadi Oktoba 1961. Kabla yao, Chege Kibachia aliwaongoza wafanyakazi wa Mombasa mwaka 1947, naye akahamishiwa mbali na bahari ile. Na baada yao akaja Tom Mboya, ambaye sauti yake ilijengwa katika vyama vya wafanyakazi kabla ya kusikika katika Baraza la Kutunga Sheria.

Bendera ilipopanda, tulidhani mwenye jembe na nyundo atakaa mezani. Mambo yakawa mengine. Mwaka 1965 serikali iliunda shirikisho moja la wafanyakazi, COTU, na likawekwa karibu sana na mkono wa dola. Mwaka 1980 chama cha watumishi wa serikali na kile cha wahadhiri wa vyuo vikuu vilipigwa marufuku. Ikawa desturi kwamba mfanyakazi mwema ni yule anyamazaye. Desturi hiyo ndiyo tuliyoirithi, na wako wanaoipenda hata leo.

Baada ya hayo, sheria zilibadilika, na ni lazima tuseme kweli: zilibadilika kwa wema. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria mpya za kazi. Na Katiba tuliyoipitisha kwa kura mwaka 2010 inasema katika Kifungu cha 41 kwamba kila mfanyakazi ana haki ya malipo ya haki, mazingira bora ya kazi, kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kugoma. Haki hizo tulizipigania. Lakini sheria bila ya mtu wa kuisimamia ni kama taa isiyo na mafuta. Tuone basi giza liko wapi.

La kwanza ni ukibarua usiokwisha. Tunaye mama mmoja katika kikundi chetu. Jina lake tunalihifadhi, na kiwanda alichofanyia kazi hatutakitaja kwa kuwa shauri lake linaendelea. Alifanya kazi huko kwa miaka 6. Kwa miaka yote 6 aliitwa kibarua. Kila baada ya miezi mitatu kasoro siku chache aliambiwa apumzike wiki moja, kisha akaandikwa upya kana kwamba ni mgeni. Hakuwa na likizo. Alipojifungua mtoto wake wa pili, alirudi kazini baada ya wiki tano kwa kuogopa kwamba nafasi yake ingechukuliwa. Na jioni moja, akiwa ndani ya matatu, alipokea ujumbe wa simu wenye maneno mawili: usije kesho.

Ndugu zetu, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika katika miezi mitatu, si kibarua tena. Anakuwa na mkataba wa mshahara wa mwezi, na hawezi kuondolewa bila ilani ya siku 28. Akiendelea kwa miezi miwili au zaidi, anastahili likizo na haki nyingine kama mwajiriwa yeyote. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi. Ya uzazi ni miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba ana wiki 2. Mama yule alikuwa na haki hizo zote kwa miaka 6, naye hakujua. Waliomwajiri walijua. Ndiyo maana walimpumzisha kabla ya mwezi wa tatu kutimia. Mtu hapangi hila dhidi ya sheria asiyoijua.

La pili ni kuhukumiwa bila kusikilizwa. Tulipokuwa tukipinga kizuizini bila mashtaka, tulisema kwamba hata mwizi ana haki ya kujitetea. Sheria ya kazi inasema vivyo hivyo. Mwajiri anayetaka kumfuta mtu kwa sababu ya makosa lazima amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama aliyemchagua, kisha asikilize majibu yake. Mahakama ikiona amefutwa kwa dhuluma, inaweza kuamuru alipwe hadi mshahara wa miezi 12. Ujumbe wa simu wenye maneno mawili si kikao cha kusikilizwa.

La tatu ni mshahara wenyewe. Kwa amri iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024, kiwango cha chini cha mfanyakazi wa kawaida katika Nairobi kiliwekwa kuwa Sh 16,113.75 kwa mwezi, bila ya marupurupu ya nyumba. Wapo hapa ukumbini wanaopokea chini ya hapo, tunawajua, na hatutawaaibisha kwa kuwaomba wainue mikono. Hata anayepokea zaidi hakai raha. Chukueni mtu wa Sh 20,000. Kwa viwango vya 2025, alikatwa Sh 1,200 za NSSF, Sh 550 za bima ya afya ya jamii, na Sh 300 za nyumba za serikali. Akabaki na Sh 17,950, na hapo hajalipa kodi ya nyumba wala nauli. Hatusemi kwamba makato yote ni mabaya. Mzee asiye na akiba ni mzigo kwa watoto wake. Tunachosema ni kwamba wako waajiri wanaokata fedha hizo na kuziweka mfukoni. Mfanyakazi hugundua siku anapofika hospitali na mtoto mgonjwa, akaambiwa jina lake halipo katika orodha ya waliolipiwa. Huo si uzembe wa karani. Kumkata mtu fedha kwa jina la sheria na kutoziwasilisha ni kumwibia.

La nne ni jipya, na vijana wetu ndio wanaolijua vizuri zaidi. Zamani nyapara alibaki kiwandani ulipokwenda nyumbani. Sasa anakufuata kitandani ndani ya simu. Kikundi cha WhatsApp cha kazini hulia saa nne za usiku, na asiyejibu huulizwa asubuhi kama kweli anaitaka kazi. Kamera humtazama mfanyakazi mezani, na mashine ya alama za vidole huhesabu dakika zake za chooni. Dereva wa bodaboda au teksi ya programu huambiwa kwamba yeye ni mshirika na anajitegemea, lakini bei hapangi yeye, na anaweza kufungiwa asubuhi moja bila ya mtu wa kumuuliza sababu. Ufaransa ilikwisha kuweka sheria tangu Januari 2017, inayozitaka kampuni kubwa kujadiliana na wafanyakazi juu ya haki ya kuzima simu ya kazi baada ya saa za kazi. Hapa kwetu Seneta Samson Cherargei alipeleka mswada wenye nia kama hiyo mwaka 2022. Mtu aliyesahau kulala hawezi kuwa mzazi, wala muumini, wala raia.

Na hapa Nairobi tumeona kesi ambayo dunia nzima iliisikiliza. Vijana waliajiriwa na kampuni ya Sama kuchuja picha na video za Facebook: mauaji, ukatili, watoto wakidhulumiwa, saa baada ya saa, ili watu wengine ulimwenguni wasiyaone. Mei 2022 mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, alifungua kesi dhidi ya Sama na Meta, akidai kwamba kazi hiyo ilimjeruhi akili na kwamba alifutwa baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake. Machi 2023 wengine wengi wakaenda mahakamani kupinga kufutwa kwao. Meta ilisema haiwezi kushtakiwa hapa. Mahakama ya Ajira ikasema Februari 2023 kwamba inaweza, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Septemba 2024. Na Mei 1, 2023, siku hii tunayoikesha leo, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi hizo walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Tunalitaja jambo hili ili vijana wetu wajue kwamba ukubwa wa mwajiri si ukuta usio na mlango.

Ndugu wananchi, tumewanyoshea waajiri kidole, na tumefanya hivyo kwa haki. Lakini tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapo. Turudi kwa mama yule wa miaka 6.

Alipokuja kutueleza habari zake, alilia, nasi tukalia pamoja naye. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema hivi: usiku ule nilipofika nyumbani, nilimkuta yaya akimbembeleza mtoto wangu. Nikamwambia kwamba kazi imekwisha, afunge vitu vyake, kesho asubuhi aende kwao. Alikuwa anadai mshahara wa wiki tatu. Sikumpa. Nilimwambia na mimi sikulipwa.

Ukumbi wetu ulikuwa kimya. Kwani kila mmoja wetu alimwona yaya wake.

Katika ile amri ya mishahara, yaya na mtumishi wa nyumbani wamo katika daraja moja na mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani. Zilikuwa zile zile Sh 16,113.75. Wangapi kati yetu tunamlipa hata nusu yake? Msichana huyo huamka kabla yetu na hulala baada yetu. Hana siku ya kupumzika, ingawa sheria inampa siku moja katika kila siku saba. Hana hati ya mkataba, ingawa kila anayeajiriwa kwa miezi mitatu au zaidi anastahili mkataba wa maandishi. Tunamwita mtoto wetu, dada yetu, mmoja wa familia. Neno hilo familia tumelisikia wapi? Ni lile lile lililoandikwa kwenye fulana za kampuni.

Na makanisa yetu, tusemeni kwa heshima, hayajasalimika. Bawabu wa kanisa, mfagiaji, mwalimu wa shule ya chekechea iliyo uani, mpishi wa mikutano: wangapi wao wana mkataba? Wangapi wamelipiwa NSSF? Wakiuliza, huambiwa kwamba hii ni kazi ya utumishi, thawabu yao iko mbinguni. Mwenye kutumika madhabahuni naye hununua unga dukani. Vivyo hivyo mashirika yetu ya kutetea haki, ambayo huwaweka vijana kuwa watu wa kujitolea mwaka hadi mwaka, wakifanya kazi ya kuajiriwa kwa nauli tu. Hatuwezi kuhubiri mageuzi barabarani na kuficha chama kimoja jikoni, madhabahuni na ofisini mwetu.

Lakini mtatuuliza, na ni swali la haki: mama anayepokea Sh 16,000 atamlipaje yaya Sh 16,000? Hawezi. Ndivyo dhuluma inavyoteremka ngazi. Mwenye kiwanda humbana meneja, meneja humbana nyapara, nyapara humbana mama, na mama humbana msichana wa watu ambaye hana tena wa kumbana. Kamba hukatikia pembamba. Kumlaumu mama peke yake hakutoshi, na kumsamehe tu hakutamlipa yaya.

Sisi tuna pendekezo. Kumbi za makanisa ya Mowlem, ukiwamo huu, hukaa tupu Jumatatu hadi Ijumaa. Wazazi 12 wakichanga Sh 3,500 kila mmoja kwa mwezi, wanapata Sh 42,000. Walezi wawili, kila mmoja akilipwa kile kiwango cha 2024 cha Sh 16,113.75 pamoja na asilimia 15 ya nyumba, watagharimu kama Sh 37,062. Mchango wa mwajiri kwa NSSF na mfuko wa nyumba ni kama Sh 2,780. Zinabaki zaidi ya Sh 2,100 za sabuni na makaa, na kila mzazi analeta chakula cha mtoto wake. Mama analipa kiasi anachokimudu, mlezi analipwa kwa sheria, anarudi kwake jioni na kupumzika Jumapili. Kinachohitajika ni ukumbi usiolipiwa kodi, kibali cha serikali ya kaunti, na wazee wa kanisa waliokubali kusaini mkataba. Tunawaomba wazee walio hapa walijadili jambo hili kabla ya mwezi kuisha, nasi tutakuja na hesabu hii mikononi.

Kuhusu kazi za nje, yako mambo manne ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyaanza kesho.

Kwanza, tuweke kumbukumbu. Mama yule hakupewa mkataba, lakini alikuwa ameweka kadi zake za lango katika mkebe wa majani ya chai, na jumbe za malipo ya M-Pesa hakuzifuta. Hizo ndizo zilizomwonyesha afisa wa kazi kwamba miaka 6 si hadithi. Andika siku uliyoanza, saa ulizofanya, kiasi ulicholipwa. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu siku za kawaida, na mara mbili siku za mapumziko na sikukuu. Asiye na hesabu hupewa hesabu ya mwingine.

Pili, tusichelewe. Madai ya kazi yana muda wa miaka 3 tu kufikishwa mahakamani. Baada ya hapo haki yako inabaki kuwa masimulizi. Ofisi ya afisa wa kazi haitozi ada ya kupokea malalamiko. Na tangu 2018 wako mahakimu waliopewa uwezo wa kusikiza kesi za wafanyakazi ambao mshahara wao hauzidi Sh 80,000 kwa mwezi, kwa hivyo si lazima kila shauri lingoje jaji.

Tatu, tujiunge. Chama cha wafanyakazi kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga mahali pa kazi, mwajiri analazimika na sheria kukitambua. Na tukishajiunga, tukilinde chama hicho dhidi ya viongozi wake wenyewe. Tudai hesabu ya michango yetu, tudai uchaguzi wa siri kwa wakati wake. Kiongozi wa wafanyakazi anayekula na meneja na kulala na wanasiasa ni chama kimoja kilichobadilisha kofia.

Nne, tutumie kura yetu. Wagombea huja Mowlem na mitungi ya maji na fulana. Waje, lakini tuwaulize maswali mawili: maafisa wangapi wa kazi wataajiriwa kukagua viwanda vya jiji hili, na wewe mwenyewe unawalipaje mabawabu wako? Aulizwe wa chama tawala na aulizwe wa upinzani. Maana ya vyama vingi haikuwa kubadilisha rangi ya fulana.

Hatuwaombi mvunje mashine wala mmtukane mtu. Tunajua pia kwamba wako waajiri waungwana, na wako wenye karakana ndogo wanaolala njaa ili wafundi wao walipwe Jumamosi. Hao tuwatangaze kwa majina, tuwapelekee kazi. Na tunajua wako wafanyakazi wanaoiba vipuri, wanaochelewa kwa makusudi na kusingizia matatu. Anayedai haki ya jasho lake ni lazima awe amelitoa hilo jasho.

Tumalizie na mama yetu. Shauri lake bado liko mbele ya afisa wa kazi. Mwajiri amekwisha kuitwa mara mbili, na mara ya pili alikuja. Hatujui litaishaje. Lakini jambo moja limekwisha. Mwezi uliopita alisafiri hadi kijijini kwa kina yaya wake, akamlipa nusu ya mshahara wa zile wiki tatu mbele ya wazazi wake, akaomba radhi, na akaandika katika karatasi siku atakayolipa nusu iliyobaki. Hakuna mahakama iliyomlazimisha. Alituambia kwamba hakuweza kukaa mbele ya afisa wa kazi, akitaka kuitwa mtu, akiwa na deni kama lile nyumbani.

Kesho ni Mei Mosi. Kutakuwa na gwaride, na kutakuwa na hotuba ndefu kuliko hii. Twendeni, tusikilize. Lakini kabla ya kwenda, kila mwenye mtu nyumbani kwake anayemfanyia kazi ampe kesho mapumziko, kwa kuwa sikukuu hiyo ni yake pia. Na jioni tukae naye mezani, tuandike mkataba.